Kobalti katika Udongo Mwekundu

Neno lililoniumbua lilikuwa kobalti.

Lilitoka katika mashine ya kusahihishia Jumatatu asubuhi, tukiwa chumba cha walimu tunakunywa chai na kusubiri kengele ya kipindi cha tatu. Mashine ilikuwa imekwisha kupitia karatasi za mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne, na sasa ilikuwa ikitoa ule ukanda mwembamba wa karatasi ambao kila mmoja wetu alijua maana yake. Mwalimu Ponsiano Haule, msimamizi wa nidhamu, aliunyakua kabla haujamaliza kutoka.

"Amenasa!" alisema. "Jamani, amenasa mmoja. Tena wa Jiografia. Mwalimu Nyagawa, huyu ni wa darasa lako."

"Nani?"

"Ngoja kwanza nionje utamu." Alishusha miwani. "Swali la saba. Eleza chanzo cha rangi ya udongo mwekundu wa nyanda za juu. Mtahiniwa anajibu, nasoma kama alivyoandika: 'Rangi hiyo hutokana na kobalti iliyochakaa ndani ya mwamba.' Kobalti!" Alicheka hadi chai ikamwagikia ukanda. "Marehemu bibi yangu alisiriba nyumba kwa udongo huo miaka sitini, naye alijua ni kutu ya chuma. Huyu kaambiwa na simu, na simu imemlisha chambo."

"Jina, Haule," alisema mkuu wa shule, Mwalimu Sekela Mwambene, aliyekuwa amesimama mlangoni na rundo la mafaili kifuani.

Haule alitazama tena. Kicheko kilimtoka usoni taratibu. "Yusta Mligo."

Yusta alikuwa ameongoza darasa mihula mitano mfululizo, na hapakuwa na mwalimu katika chumba kile ambaye hakuwahi kumtaja kwa wazazi wa wanafunzi wengine.

"Basi ndiyo hivyo," Haule alisema hatimaye. "Tulikuwa tunajiuliza akili ile inatoka wapi. Kumbe ilikuwa inatoka sikioni." Akanigeukia na kunipa mkono. "Hongera, mwalimu. Sheria yako inafanya kazi."

Niliupokea mkono wake. Nilikuwa nimeshatambua kwamba neno lile nililisikia kabla ya siku hiyo, na kwamba nililisikia kwa sauti yangu mwenyewe.

*

Tuliendelea kuiita simu, ingawa haikuwa na kioo wala kitufe. Ilikuwa punje ndogo kama dengu, iliyobandikwa nyuma ya sikio na kunong'ona kupitia mfupa wa fuvu, hata aliyekaa bega kwa bega nawe asisikie kitu. Haikungoja kuulizwa. Ilisikiliza mazungumzo, ikakisia ulichokuwa ukikitafuta kichwani, ikakipa ulimi wako kabla hujajua kwamba hukuwa nacho.

Shule nyingi zilikuwa zimegawanyika juu yake. Wapo waliosema wanafunzi waruhusiwe kuingia nayo darasani, kwa kuwa maisha yao yote wataishi nayo, na kumfundisha mtoto bila simu ni kumwandaa kwa dunia iliyokwisha kupita. Wapo waliokataa. Mimi nilikuwa kinara wa waliokataa. Katika mkutano wa wazazi, miaka minne kabla ya Jumatatu ile, nilisimama nikasema: "Mtoto anayenong'onezewa jibu ni kama bomba. Maji hupita ndani yake mchana kutwa, lakini bomba lenyewe halikati kiu." Wazazi walipiga makofi. Kura ikapigwa, nami nikateuliwa kuandika kanuni.

Kanuni niliyoiandika ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa nyepesi: kila mwanafunzi aache punje yake langoni asubuhi. Lakini punje hufichika chini ya nywele, na walimu si polisi. Kwa hiyo tukaongeza ya pili, ambayo ndiyo iliyotupatia sifa mkoani. Mnara wa mawasiliano uliokuwa nyuma ya maabara uliwekewa maelekezo mapya: simu yoyote isiyosajiliwa ofisini, ikitoa jibu ndani ya uzio wa shule saa za masomo, ichanganye katika jibu hilo uongo mmoja. Uongo huo ulibuniwa papo hapo, ukahifadhiwa pamoja na saa yake, na ulikuwa wa ajabu kiasi kwamba hakuna mtu angeweza kuufikia kwa kukosea tu. Tuliuita chambo. Mnara haukuandika jina la mwenye simu, kwa kuwa sheria ya faragha ya watoto ilikataza. Uliandika saa, chumba, mada na uongo. Mashine ya kusahihishia ilimaliza kazi: ilipokuta chambo katika karatasi ya mtihani, ilitoa ukanda. Adhabu ilikuwa kufukuzwa shule na kufutwa katika orodha ya watahiniwa wa taifa. Hiyo nayo niliiandika mimi.

Walimu waliruhusiwa kutumia simu. Ilitosha kwenda kwa mkuu wa shule, kufungua kitabu cha usajili, na kutia sahihi mbele ya sentensi hii: "Ninahitaji msaidizi ninapofundisha." Tangu hapo mnara ungekutambua na kukupa majibu safi. Wenzangu saba walikuwa wametia sahihi bila haya yoyote. Mimi nilikuwa mtu wa bomba na kiu. Sikuweza.

Ningependa kusema kwamba nilikuwa mgonjwa, au kwamba kumbukumbu ilikuwa imeanza kunitoka. Sikuwa mgonjwa. Nilianza kwa jina la mto mmoja lililonigomea siku ya Ijumaa, nikiwa nimechoka. Nikaendelea kwa tarehe, kisha kwa takwimu, kisha kwa mfululizo mzima wa somo. Mwaka wa tatu nilikuwa nikiingia darasani bila kujua nitafundisha nini. Punje ilinong'ona nami nikatamka, na kati ya kunong'ona na kutamka hapakuwa na mtu. Kuhusu chambo sikuwa na hofu. Niliamini kwamba mwenye shahada mbili za Jiografia hawezi kumezeshwa uongo wa mashine. Nilikuwa nikiusikia, nikiutambua, na kuutema kabla haujafika mdomoni. Nilijivunia hata hilo.

Kisha ikaja Jumanne moja ya Machi. Mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu hadi madawati ya nyuma yakakata tamaa ya kusikiliza na kuanza kuchora pembezoni mwa madaftari. Mwalimu mwingine angenyamaza na kungoja ipungue. Mimi niliendelea, kwa kuwa punje iliendelea. Katika dawati la mbele kabisa, Yusta alikuwa peke yake; mwenzake alikuwa amelazwa kwa malaria. Nakumbuka aliinua kichwa ghafla na kunitazama kama mtu anayetaka kuuliza. Kisha akainama, akaandika.

*

Kamati ya nidhamu ilikaa Jumanne. Tulikuwa watatu: mkuu wa shule, Mwalimu Haule, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa darasa. Yusta alisimama mbele ya meza, mikono nyuma.

"Simu ni ya nani?" Haule aliuliza.

"Sina simu, mwalimu."

"Sikuuliza kama unayo. Nimeuliza ni ya nani."

"Sijawahi kuvaa simu maishani mwangu."

"Basi kobalti umeitoa wapi? Uliiota? Mimi huota nafukuzwa na ng'ombe. Wewe unaota madini?"

Yusta aliinamisha uso. "Nimesahau."

"Amesahau! Msichana anayejua mvua ya kila mkoa kwa milimita, leo amesahau."

"Haule, taratibu," alisema mkuu wa shule. Alikuwa mama wa Kinyakyusa mwenye sauti ya chini, ambaye hakuipenda kanuni ya chambo tangu ilipopitishwa na hakuwahi kulificha hilo. "Yusta, mwanangu, mnara unaonyesha kwamba chambo hiki kilitolewa tarehe tisa Machi, saa tano na dakika ishirini, katika chumba chenu, kipindi cha Jiografia. Daftari lako la siku hiyo liko wapi? Kama neno hili limo humo, tutajua lilivyoingia."

"Limepotea, mwalimu."

"Lini?"

"Sikumbuki."

Katika mahojiano yote alimtazama Haule, akamtazama mkuu wa shule, akatazama sakafu. Mimi hakunitazama hata mara moja, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba alijua. Mtoto aliyelelewa vizuri hasimami mbele ya watu wazima na kusema: ni mwalimu huyu hapa. Alikuwa ameyapima mawili, jina lake na heshima yangu, akachagua.

"Mwalimu Nyagawa," alisema mkuu wa shule, "wewe ndiye unayemjua. Una lolote?"

"Ni mwanafunzi mwenye bidii," nilisema.

"Ndilo hilo tu?"

"Ndilo hilo."

Alipewa hadi Alhamisi kumtaja mwenye simu. Asipomtaja, jina lake lingeondolewa katika orodha ya mtihani wa taifa, uliokuwa umebakiza wiki sita.

*

Jumatano saa kumi alasiri baba yake alikuja kwangu. Nilikuwa jikoni, katika nyumba za walimu, nachochea kuni. Enea Mligo alikuwa mpasua mbao katika misitu ya misonobari iliyo juu ya shule, na alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Vumbi la mbao lilikuwa limemganda kwenye nyusi.

"Kamwene, mwalimu."

"Kamwene, Mzee Mligo. Karibu ndani, keti."

Hakuketi. "Nimekuja kukusumbua."

"Hapana, mzee wangu. Sema."

"Mtoto hali. Tangu jana hajatia kitu mdomoni. Namuuliza: ulivaa simu ya mtu? Anasema hapana. Namuuliza: basi nani alikuambia maneno hayo? Ananyamaza. Yusta hajawahi kuninyamazia mimi, mwalimu. Huwa ananichosha kwa maneno." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Leo alipokwenda kisimani nikapekua vitu vyake. Nimepekua kama askari, Mungu anisamehe. Nilikuwa natafuta hiyo simu. Sikuiona. Nimeona hili, chini ya godoro."

Alitoa kifuani daftari lenye jalada la kijani, lililofungwa kwa mfuko wa nailoni ili lisilowe.

"Mimi niliishia darasa la tatu," alisema. "Herufi nazijua, maana zinanipita. Nikafikiri nilipeleke shuleni, nikaona hapana, yule mwalimu wa nidhamu anacheka sana. Nimekuletea wewe. Kama limo neno la kumsaidia, utaliona. Kama limo la kumwangamiza, hilo nalo utaliona, na utajua la kufanya."

"Kwa nini mimi, Mzee Mligo?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimemuuliza kwa nini maji hutekwa kisimani. "Sasa nimpe nani mwingine?"

Alipoondoka nilifungua daftari. Tarehe tisa Machi ilikuwa katikati, kwa mwandiko wake ulionyooka. Sentensi ile ilikuwapo, neno kwa neno. Pembeni, kwa penseli, herufi ndogo kabisa, alikuwa amejiandikia: Kitabu kinasema chuma. Mwalimu amesema kobalti. Mwalimu amesoma zaidi ya kitabu. Nimfuate mwalimu.

Nililichana jani lile.

Nimejaribu mara nyingi kuandika sentensi hiyo kwa namna nyingine, na hakuna namna nyingine. Nilibana daftari kwa mkono wa kushoto, nikavuta jani kwa wa kulia, polepole ili lisiache meno, nikasimama nalo mbele ya moto. Joto lilinifika kwenye vidole. Hakuna aliyekuwapo, hakuna aliyejua, na aliyenipa alikuwa ameniambia kwamba nitajua la kufanya.

Ndipo punje iliponong'ona. Ilikuwa bado nyuma ya sikio langu. Nilikuwa nimefika mahali pa kulala nayo. Ilihisi kwamba nilikuwa nikitafuta maneno, ikaniletea, kwa upole uleule iliotumia kunipa majina ya mito: "Unaweza kusema: huenda nilikosea kutamka siku ile kwa sababu ya mvua. Hilo litamsaidia mwanafunzi bila kukudhuru."

Nilishukuru. Huo ndio ukweli. Nilikunja jani, nikalitia mfukoni, nikaona kwamba nimepatiwa njia ya mtu mwema.

*

Alhamisi tulikaa tena katika ofisi ile. Enea Mligo aliruhusiwa kuingia. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi. Yusta alikuwa amepungua uso kwa siku mbili tu. Mkuu wa shule alimuuliza kama ana jina la kututajia. Akasema hana.

Nikanyoosha mkono. "Huenda," nilisema, "nilikosea kutamka siku ile kwa sababu ya mvua."

Yusta aliinua macho. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu Jumatatu, na nilichokiona humo kilikuwa matumaini.

"Ulikosea kutamka nini?" mkuu wa shule aliuliza.

"Neno lile. Huenda nilisema kobalti, naye akaandika alichosikia."

Haule alitikisa kichwa, lakini safari hii alitabasamu kwa upendo. "Mwalimu, tunakufahamu. Unataka kumbeba mtoto mgongoni. Mzee Mligo, umemwona mwalimu wa mwanao? Yuko tayari kuchukua kosa lisilo lake. Watu wa namna hii wamebaki wachache."

"Nimemwona," alisema Enea Mligo. "Mungu amzidishie."

"Huruma ni jambo jema," mkuu wa shule alisema, "lakini haiwezi kuwa ushahidi. Kukosea kutamka kungekuletea shaba, au chumvi. Hakuwezi kukuletea neno lilelile ambalo mnara ulilibuni dakika ileile. Kanuni yenyewe uliiandika hivyo, mwalimu, ili pasiwe na pa kujitetea." Alivuta orodha ya watahiniwa, akafungua kalamu. "Nasikitika, Yusta."

Macho ya Yusta yalirudi sakafuni. Kalamu ilianza kutafuta jina lake kati ya majina ya M. Na nyuma ya sikio langu, kwa sauti ya faraja, punje ikasema: "Umefanya yote yaliyokuwa katika uwezo wako."

Nadhani ni sentensi hiyo iliyoniamsha, si dhamiri yangu. Nilikuwa karibu kuirudia. Ilikuwa tayari ulimini, imepangwa vizuri, na nilipoihisi pale nilielewa kwamba hata kukiri kwangu kulikuwa kumenong'onwa.

Nilipeleka mkono nyuma ya sikio. Punje ilikuwa imekaa muda mrefu hata ngozi ilikuwa imeanza kuizoea. Ilitoka na kijitone cha damu. Niliiweka mezani, juu ya orodha, kwenye jina ambalo kalamu ilikuwa inalitafuta.

"Muulize," nilisema.

Mkuu wa shule alinitazama, akaitazama punje. Kisha akainama na kuuliza, kama anayezungumza na mtoto mgonjwa: "Udongo mwekundu hupata wapi rangi yake?"

Punje ikiwa nje ya sikio hutoa sauti nyembamba, lakini chumba kilikuwa kimya. "Rangi ya udongo mwekundu wa nyanda za juu," ilisema, "hutokana na zebaki iliyoganda ndani ya mwamba."

"Hicho ndicho chambo cha leo," nilisema. "Cha tarehe tisa Machi kilikuwa kobalti." Nikatoa jani mfukoni, nikalikunjua. "Na hili ni la daftari lake. Mzee Mligo aliniletea jana nilitunze. Nililichana mimi."

Nilisikia mlango ukigusana na bega la Enea Mligo.

"Tangu lini?" Haule aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo.

"Huu ni mwaka wa tatu."

"Na ulikuwa unavaa mara moja moja, au..."

"Kila kipindi."

"Kila kipindi," alirudia. Alisubiri nitabasamu, nimwambie ni utani. "Mimi nimetia sahihi kile kitabu tangu siku ya kwanza. Wewe mwenyewe ulinitania kwa hilo. Si uliniita bomba?"

"Nilikuita."

Mkuu wa shule alikuwa akisoma maandishi ya penseli. Aliyasoma mara mbili. Kisha akampa Yusta lile jani, akafunika kalamu. "Jina lako linabaki, mwanangu. Nenda na baba yako mkale." Aligeuka kwangu bila hasira, na ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo. "Kufukuzwa au kutofukuzwa, hilo wataamua wilayani. Kesho asubuhi utaingia darasani."

"Sistahili."

"Sikuulizi unastahili nini. Mnara unaweza kunipa vyambo vyote vilivyotolewa saa za vipindi vyako. Hauwezi kuniambia ni vipi ulivitema na ni vipi ulivisema. Madaftari ya watoto ndiyo yanayojua."

*

Yusta alikuwa akinisubiri nje, chini ya upenu wa ofisi. Baba yake alikuwa ametangulia hadi langoni, ametupa mgongo. Nilimpa daftari lake. Alilipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa, akaliweka lile jani mahali pake.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, ya kwangu mwenyewe, na yalikuwa yakija kwa shida, yamevunjikavunjika. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu," alisema, "na yale mengine?"

"Yapi?"

"Ya tangu Januari. Yapi yalikuwa kweli?"

Nilitafuta jibu mahali nilipozoea kulitafuta. Hapakuwa na kitu nyuma ya sikio isipokuwa kidonda. "Sijui, Yusta."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayethibitisha hesabu aliyokuwa ameshaifanya. "Mimi nilinyamaza," alisema, "kwa sababu nilidhani namlinda mtu anayejua." Hakulia wala hakupandisha sauti. Alipiga goti kidogo kuniaga, kwa adabu kamili, akamfuata baba yake.

*

Ijumaa waliponiona mlangoni walisimama wote arobaini na mmoja. "Shikamoo, mwalimu." Sauti zao zilipishana kidogo, kama siku zote. Kuitikia salamu ile lilikuwa jambo gumu kuliko yaliyofuata, lakini mtoto akikuamkia huwezi kumwacha amesimama. Nikaitikia.

Niliwaeleza kwa maneno machache. Punje, miaka mitatu, kobalti, Yusta. Nilipomaliza, kijana mmoja wa nyuma aitwaye Festo, ambaye nilikuwa nimemkagua masikio mara nyingi kuliko mtu yeyote katika shule ile, alisimama bila kunyoosha mkono.

"Kwa hiyo, mwalimu, aliyekuwa na simu darasani ulikuwa wewe?"

"Ndiyo, Festo. Nilikuwa mimi."

Nilitarajia wacheke, kicheko kingenisaidia. Festo aliketi tu, akasogeza daftari lake karibu na kifua, kama mtu anayekinga sahani ya chakula.

Nikakunjua orodha ya mnara. Ilinifikia magotini. "Chukueni kalamu na rula," nilisema. "Nitasoma uongo mmoja mmoja pamoja na tarehe yake. Atakayeukuta katika daftari lake, anyooshe mkono, kisha aukate. Kitabu cha kiada kiwe wazi pembeni. Tukikosana, kitabu ndicho kinachosema, si mimi."

Cha kwanza kilikuwa cha Januari kumi na nne, juu ya pepo za kusini, ambazo mtihani haukuziuliza. Niliamini nilikitema. Nakumbuka hata fahari ya kukitema. Nikakisoma kwa sauti, nikainua macho kutoka kwenye karatasi, na mikono ilikuwa juu: ya Yusta, ya Festo, ya dawati la mbele na la nyuma, ya kila mtoto aliyekuwamo.

Rula ziliwekwa. Nilisimama mbele ya ubao mtupu nikisikiliza kalamu arobaini na moja zikinikata, mstari kwa mstari, na zilipotulia nikasoma kilichofuata.